Uji wa Masinde

Naftaly Kemboi hakuwa mtu mbaya. Hilo tulimalize mapema, maana mkisikia alichokifanya mtaanza kumtukana kabla sijafika popote. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kushuku. Ukimwambia nje kunanyesha, anatoka kunyoosha mkono mwenyewe. Mke wake, Jepkorir, akisema chumvi imeisha, Naftaly anafungua mkebe kwanza ndipo anajibu.

"Sasa nikudanganye juu ya chumvi?" Jepkorir anauliza.

"Sijasema umenidanganya," anajibu, na kifuniko bado anacho mkononi.

Ugonjwa huo hakuzaliwa nao. Aliupata Mau Narok, miaka michache kabla ya uhuru, kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja ambaye baba yake Naftaly alikuwa akimlindia ghala. Magunia ya mbegu yalipotea. Mtu akanong'ona, baba mtu akaitwa barazani, akaulizwa swali moja, na kabla ya jua kutua familia nzima ilikuwa barabarani na kuku wao. Baadaye ikajulikana ni dereva wa mzungu aliyeyauza magunia. Je, kuna aliyekuja kusema pole? Thubutu! Naftaly alikuwa kijana wa kuota ndevu wakati huo, na aliapa moyoni kwamba katika maisha yake hatazubaa tena. Kama kuna jambo linapikwa, yeye atakuwa wa kwanza kulinusa.

Uhuru ulipokuja, akazunguka huku na huku akitafuta kazi, mpaka mwishoni mwa miaka ya sitini alipoajiriwa katika kituo kidogo cha utafiti wa wadudu, nje kidogo ya Nakuru, upande wa barabara ya Njoro. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Kuna wale nzi wadogo, wadogo kabisa, wanaozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kituo kiliwafuga hao. Naftaly aliwalaza kwa dawa ya usingizi, akawamwaga kwenye kigae cheupe, na kwa unyoya wa kuku akawatenga, madume huku, majike kule. Watu wa kwao walipomuuliza anafanya kazi gani mjini, alisema ni ya serikali, akabadilisha mazungumzo.

Mwenzake wa karibu alikuwa Masinde, mpishi. Msidhani alipikia watu. Alipikia nzi. Kila asubuhi alikoroga sufuria kubwa la uji wa mahindi, hamira na molasi, na unga fulani wa kuugandisha, kisha mwishoni akatia matone ya dawa ya kuzuia ukungu. Uji huo aliumimina moto kwenye chupa za maziwa, ukapoa na kuganda, nzi wakaingizwa ndani, na mdomo wa chupa ukazibwa kwa pamba.

"Kemboi, hizi nzi zinakula kuliko watoto wangu," Masinde alizoea kusema. "Na hakuna hata moja imewahi kuniambia asante."

Masinde alikuwa mtu wa Bungoma, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Yeye na Naftaly waliandikwa kazi mwaka mmoja na kupewa vyumba vilivyopakana katika nyumba za wafanyakazi. Siku Jepkorir aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa pili na gari la kituo limeharibika, ni Masinde aliyempakia kwenye mkokoteni wa kubebea makaa na kuusukuma mpaka zahanati, anakimbia huku akipiga kelele watu wapishe. Mtoto alizaliwa salama. Katika dunia nzima, ukimwondoa mkewe, mtu ambaye Naftaly alikaribia kumwamini ni Masinde. Nimesema alikaribia.

Sasa tufike mwaka wa sabini na saba. Mwaka huo mkuu wa kazi ya nzi alikuwa Daktari Surjit, binti wa Singh mmoja aliyekuwa na duka la mbao mjini Nakuru. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, mama mwembamba, mwepesi wa kutembea, asiyependa maneno mengi. Nzi wa kituo walikuwa wa ng'ambo vilevile. Babu na bibi zao walikamatwa huko miaka mingi kabla, na ukoo wao ukaishi ndani ya chupa, kizazi baada ya kizazi, bila kuona ganda la ndizi. Daktari alitaka kuwachanganya na nzi wa hapa kwetu, aone watazaa watoto wa namna gani.

Wafanyakazi waliita michanganyo hiyo harusi. Na harusi zilikuwa na desturi yake. Nzi jike akishakutana na dume mara moja huiweka mbegu yake tumboni na kuitumia siku nyingi, kwa hiyo ukitaka kumjua baba wa watoto lazima umpate jike ambaye bado hajaguswa, katika saa zake za kwanza za kutoka kwenye ganda. Majike waliokamatwa sokoni walikuwa wameshaolewa wote. Basi bibi harusi alitoka chupani kila mara, na bwana harusi akatoka sokoni, kwa wauza matunda, ambako Naftaly aliwavizia kwa kipande cha papai. Ndivyo ilivyofanywa tangu mwanzo. Hakuna aliyeona sababu ya kufanya vingine, maana ilikuwa rahisi.

Harusi zikafungwa. Watoto wakazaliwa, wazima, wanaruka vizuri. Lakini mabinti wale walipokua na kuozwa, hawakuzaa. Chupa zilikaa wiki nzima safi kabisa, hakuna buu hata mmoja anayetambaa kwenye uji. Daktari alipowapasua chini ya hadubini alikuta mifuko yao ya mayai imesinyaa, hamna kitu. Akaamuru warudie. Wakarudia. Tasa. Wakarudia tena. Tasa!

"Kuna kitu kwenye chakula," Daktari akasema siku moja akiwa ameshika chupa juu, anaitazama kwenye mwanga. Alisema tu, kama mtu anayewaza kwa sauti. Lakini Naftaly alikuwa nyuma yake, na masikio ya Naftaly mnayajua.

Kuanzia siku hiyo akamwekea Masinde jicho. Akawa anapita dirishani kwa mpishi bila sababu. Akagundua, eti akagundua, kwamba Masinde hapimi ile dawa ya ukungu, anainamisha chupa tu na kukadiria. Akakumbuka kwamba Masinde aliwahi kuomba kuhamishiwa meza ya kuchambua nzi, akakataliwa, na akanuna siku mbili. Akakumbuka utani wake wa siku moja: "Hizi nzi zikiisha, sisi wote tutaenda kulima." Maneno ambayo mwaka uliopita yalimchekesha Naftaly mpaka machozi, sasa aliyageuza kichwani usiku kucha akiyatafutia maana.

Kisha Julai ikaja, na Julai ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Mama yake Masinde alifariki. Masinde akapewa ruhusa ya mwezi mzima kwenda kuzika na kupanga mambo ya nyumbani. Uji ukaachiwa Naftaly. Juma lilelile, kipasha joto cha kabati lililowekwa chupa za nzi kikaungua, na kipya ikabidi kingojwe kutoka Nairobi. Mnajua baridi ya Julai ya Nakuru, hasa mkiwa upande wa Njoro ambako upepo wa Mau unashuka bila kubisha hodi. Naftaly alipika uji wake amevaa koti, akapanga harusi zake kama kawaida, bibi wa chupani na bwana wa sokoni, akangoja.

Mabinti wa baridi ile wakazaa! Chupa zikajaa mabuu, uji ukachemka kwa mabuu. Isitoshe, miongoni mwa wajukuu kulikuwa na vioja: mmoja ana macho ya rangi ya chungwa badala ya mekundu, mwingine mabawa yake yamemegekamegeka ukingoni. Kwa Naftaly jambo lilikuwa wazi. Masinde hayupo, nzi wanazaa. Na wale wenye vilema ni mabaki ya sumu iliyokuwa imebaki kwenye damu ya ukoo.

Agosti Masinde akarudi, amekonda kwa msiba, amewaletea watoto wa Naftaly njugu na ndizi. Kipasha joto kipya nacho kikawa kimefika na kufungwa kabatini. Masinde akashika mwiko wake. Na nzi wakawa tasa.

"Ala!" Naftaly akajisemea. "Sasa unataka ushahidi gani tena, wewe Kemboi?"

Alimwambia Jepkorir kwanza. Jepkorir alikuwa anachambua maharagwe, akasimamisha mikono.

"Masinde? Masinde huyu wa mkokoteni?"

"Nikipika mimi, zinazaa. Akipika yeye, hazizai. Nimeona na macho yangu."

"Mwulize basi. Ukuta ni huo hapo. Gonga umwulize."

"Mwizi unamwuliza?"

Hakugonga ukuta. Alikwenda ofisini kwa Daktari akasimama wima, kofia mkononi, akaeleza yote: chupa ya dawa inayoinamishwa bila kipimo, kununa, utani wa kwenda kulima, Julai. Hakuongeza chumvi hata chembe. Hapo ndipo penye uchungu wa hadithi hii, ndugu zangu. Kila alichosema kilikuwa kweli.

Masinde akaitwa. Daktari akamuuliza swali moja: "Unatia nini kwenye uji?"

"Natia kile nilionyeshwa, Daktari."

"Kwa nini Julai zilizaa?"

Masinde angejibu nini? Julai alikuwa kaburini kwa mama yake. Daktari hakuwa mkatili, ila alikuwa na miezi ya kazi iliyoharibika na hakuwa na maelezo mengine mezani. Akamwambia aondoke kwanza, mpaka ijulikane. Na kwa kuwa chumba kilikuwa cha kazi, kuondoka kazini kulikuwa kuondoka nyumbani.

Asubuhi walipokuwa wakifunga mizigo, mke wa Masinde alimletea Jepkorir unga uliobaki ili usiharibike. Jepkorir akaupokea akilia. Masinde alisimama mlangoni kwa Naftaly. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Naftaly kuliko ngumi.

"Kemboi, ni wewe ulisema?"

"Nilisema nilichoona."

"Ungeniuliza mimi, bwana."

Akajitwika godoro, wakaenda Subukia, kwa shemeji yake aliyekuwa kibarua kwenye kahawa.

Sasa Naftaly akawa mpishi. Alipima dawa kwa tone, hakukadiria. Alikoroga uji kwa makini ya mtu anayempikia mgonjwa. Alifunga harusi zake, akaziweka kwenye kabati lenye joto zuri, akasubiri watoto wa watoto huku akijipongeza kimoyomoyo. Siku ya kutazama ikafika, akainua chupa ya kwanza. Safi. Ya pili, safi. Akazipitia zote mpaka ya mwisho, uji ni laini kama siku aliyoumimina.

Daktari aliingia akamkuta amekaa sakafuni. Akatazama chupa, akamtazama yeye, kwa macho yaleyale aliyomtazamia Masinde.

"Naftaly," akasema polepole, "unatia nini kwenye uji?"

Jamani! Mtu mzima yule alianza kuapa, haki ya Mungu, Daktari, natia kile nilionyeshwa, na akajisikia anasema maneno yaleyale ya Masinde. Jioni alimweleza Jepkorir. Alitegemea pole.

"Babako pia aliulizwa swali moja," Jepkorir akasema, akaendelea kupakua ugali.

Naftaly hakula. Mpaka siku hiyo alikuwa amejiona ndiye mtoto wa aliyefukuzwa. Hakuwa amewahi kujiona kama yule aliyenong'ona.

Daktari, kwa heshima yake, hakumfukuza mtu wa pili. Alifunga mlango wa jikoni, akakunja mikono ya koti lake jeupe la kazi, akapika uji mwenyewe. Nzi wakawa tasa. Aliposhusha chupa ya mwisho alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Haya. Sasa mimi pia nimetia sumu?"

Akakaa siku kadhaa akipekua madaftari ya harusi zote. Kisha akamwambia Naftaly kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya pale: awalee nzi wa sokoni kwenye chupa zao, wazaane wenyewe kwa wenyewe, na mabinti wao watakapotoka tu kwenye ganda, kabla hawajaguswa, wachukuliwe hao wawe mabibi harusi. Bwana harusi atoke chupani, wa ng'ambo. Geuza harusi. Na uji uwe mmoja, sufuria moja, siku moja, nusu kwa harusi za zamani na nusu kwa hizi mpya. Tena akatoa baadhi ya chupa za zamani nje ya kabati, akaziweka verandani zipigwe na baridi.

Naftaly alifanya yote hayo bila kuamini hata moja. Lakini siku ilipofika, chupa zilisimama mezani safu tatu. Harusi za zamani zilizokaa kwenye joto hazikuwa na kitu. Zile zilizogeuzwa, uji uleule na joto lilelile, zilijaa mabuu mpaka kwenye pamba. Na zile za zamani zilizolala verandani, nazo zilizaa.

"Kumbe si uji," Naftaly akasema kwa sauti ndogo.

"Haijawahi kuwa uji," Daktari akajibu.

Akavuta kiti akamweleza, na Naftaly alisikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza mahubiri. Kila kiumbe, akasema Daktari, amebeba ndani yake maagizo ya urithi aliyopewa na wazazi, yamepangwa kwenye nyuzi nyembamba: hapa macho, hapa mabawa. Watu walifikiri kila agizo linakaa mahali pake maisha yote. Lakini sasa wataalamu wameanza kudhani kuna vipande visivyotulia. Vinachomoka mahali vilipo na kujipenyeza pengine. Kikitua katikati ya agizo la macho, macho yanabadilika rangi. Kikitua kwenye la bawa, bawa linamegeka. Nzi wa sokoni wanavyo vipande hivyo. Hawa wa chupani hawana, maana mababu zao walikamatwa zamani, pengine kabla vipande hivyo havijaenea huko nje.

"Na mbona wale wa sokoni wanazaa tu?"

"Nadhani mama zao wanaweka ndani ya yai kitu cha kuvituliza. Mama wa chupani hana kitu hicho, hajawahi kukihitaji. Sasa sisi tumemletea dume wa sokoni. Vipande vinaingia kwenye yai lisilo na mlinzi, vinaamka, vinarukaruka na kuvunjavunja, mpaka binti anakosa mayai. Kwenye joto vinavuruga zaidi. Kwenye baridi, kidogo tu."

"Kama Julai."

"Kama Julai." Daktari akavua miwani akasugua macho. "Kila mara tumeoza upande mmoja, Naftaly. Kwa sababu ni rahisi. Mimi ndiye niliyepaswa kuona, na nikamfukuza mpishi."

Kisha akasema Masinde arudi, kazi yake ipo na chumba chake kipo, na yeye mwenyewe atamwomba radhi atakapofika. Alitaka kutuma dereva. Naftaly akasema hapana. Atakwenda yeye.

Alikwenda Subukia siku ya Jumapili, amevaa koti lake la kanisani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno na kuyapangua. Alimkuta Masinde nje ya chumba cha mabati cha shemeji yake, anachonga mpini wa jembe. Amekonda tena. Mkewe alimwona mgeni, akaingia ndani bila salamu.

Naftaly hakukaa. Alimweleza yote hapo hapo amesimama: uji haukuwa na kosa, ni nzi wenyewe, ni vipande vinavyohama, ni baridi ya Julai. Alieleza vibaya, alichanganya mabibi na mabwana harusi, lakini alifika mwisho.

"Nilikukosea, Masinde. Nilikuona na macho yangu, na bado sikukuona. Nisamehe."

Masinde akapitisha kidole kwenye mpini kutafuta vibanzi. Kisha akaita mkewe alete chai.

Vikombe viwili vikaja. Masinde alichukua kile cha mgeni. Akakiinua, akapiga funda moja kubwa, akalimeza huku anamtazama Naftaly machoni, ndipo akamkabidhi.

Mnajua hiyo ni nini. Hivyo ndivyo anavyofanyiwa mtu usiyemjua, au unayemjua ana mashaka na wewe: unaonja kwanza, aone huna sumu. Rafiki hafanyiwi hivyo. Kwa miaka yote ya ukuta mmoja, Masinde hakuwahi kumfanyia, wala yeye hakuwahi kumfanyia Masinde.

"Kunywa, bwana Kemboi," akasema kwa upole. "Umeona mwenyewe."

Naftaly alikunywa.

Masinde alirudi kazini. Daktari alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Uji ukapikwa, nzi wakazaa harusi zikigeuzwa na kuwa tasa zisipogeuzwa, utafiti ukaendelea, na kile kicheko cha kuamsha mtaa kikarudi pia, baada ya muda. Watoto wao walicheza pamoja, wake zao wakaombana chumvi kama zamani. Lakini kila wakati wa chai, Masinde alipommiminia Naftaly, alionja kwanza, akameza, ndipo akampa.

Naftaly alivumilia mwaka mzima. Siku moja akashindwa.

"Masinde, ndugu yangu, wacha basi. Nakuamini. Haki nakuamini. Nipe tu hiyo kikombe."

"Najua unaniamini," Masinde akasema. Hakuwa na kisirani hata kidogo. Alipiga funda lake, akafuta ukingo wa kikombe kwa kidole, akamnyooshea. "Lakini hata mwaka ule ulikuwa unaniamini."